Jina Mkononi mwa Mgeni

Dada Tomoe,

Theluji imeanza, na mama hajambo kidogo. Yule mgeni wetu Mholanzi, Marleen, anayependa kila kitu cha Kijapani, alichorwa tatuu mkononi.

“Nimenakili yale maandishi mazuri ya madhabahuni kwenu,” alisema akicheka. “Yamenipendeza?”

Lilikuwa jina la marehemu baba, lile alilopewa hekaluni baada ya kufa.

Ningemwambia nini, dada? Nilimjibu, “Yamekupendeza sana.” Mama aliuinamia ule mkono, kama anavyoinamia madhabahu.

Marleen alirudi kwao jana. Leo asubuhi sikuona bakuli la wali analowekewa baba kila siku mbele ya kibao chenye jina lake. Nilipouliza, mama alishangaa.

“Nimpakulie nani? Baba yenu si kasafiri jana?”

Njoo upesi.

Mdogo wako,
Chizuru