Sauti ya Tata Kwenye Grupu la Vitabu

Kitendaguro, Bukoba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tata pia mfikishie. Goti lako limepoa? Na migomba ya nyuma, ule mnyauko umeisha? Mimi nimenenepa, wasichana wa huku wananipisha njia. Usishangae kupata karatasi. Simu nimeizima na kuifukia kwenye gunia la mchele.

Duka la vitabu la bosi wangu, yule mzee wa Kihindi, limekauka. Walimu wanarushiana vitabu kwenye simu, bure, na rafu zetu sasa zimejaa makava ya simu. Basi mimi na elimu yangu ya darasa la saba nikafungua grupu la kuuzia vitabu, nikajiandika Mkurugenzi. Wakajaa mpaka watu wa Buhembe. Nikamwingiza na Tata, aone mwanawe anavyoheshimiwa.

Nikatangaza kitabu cha kilimo cha kahawa. Tata akajibu kwa sauti na kile kikohozi chake, na unamjua akishalewa rubisi: "Ya nini nisome habari za mbolea, na mbolea yenyewe diwani kaila?" Watu wakacheka, wakaisambaza. Mkurugenzi naye akacheka.

Juzi akaja dukani askari asiyevaa sare, mpole kabisa, akamuulizia Mkurugenzi. Mama, hilo jina nililokuwa najitapia, nikatamani liwe la bosi. Bosi akaninyooshea kidole. Yule askari akasema sheria za mtandaoni zinataka mwenye grupu ajibu kwa yanayosemwa humo. Akaichezesha ile sauti.

"Laini hii ina jina lako. Ni wewe unayeongea?"

Unakumbuka tulipokwenda kusajili laini ya Tata, mashine ikakataa vidole vyake vilivyolika kwa jembe, nikaweka changu? Ndiyo hiyo.

Nikamjibu, "Ni mimi, afande. Nilikuwa na mafua."

Hakucheka. Kasema Jumatatu niende kituoni nikayaseme maneno yale mbele yao, wasikilize. Silali, Mama. Najifungia stoo ya vitabu najifunza kukohoa kama Tata, na bado sauti inatoka kama ya mbuzi. Mwambie asinipigie, asije mjini, na akisikia nimeshikwa asije kunitetea. Akifungua mdomo tu, watamjua.

Msalimie dada mkubwa aliyeolewa Ijumbi, na shangazi anayenisema mvivu. Mwambie siku hizi nafanya kazi mpaka ya kukohoa.

Mwanao, cheo nimekiacha,
Deo