Mama, Awiti Amefikisha Kumi

Mpendwa Mama,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu najua hukupenda kuzungushwa. Mtu akikuletea salamu ndefu ulikuwa unamkata, "Sema kilichokuleta." Basi kilichonileta ni hiki: Awiti, mjukuu wako, amefikisha miaka kumi. Jumamosi iliyopita tulimpeleka Kisumu, tukampigia kelele kama ulivyoagiza, tukarudi naye Kisegi mzima, na ninavyoandika hivi yuko nje anagombana na kuku kwa sababu wamemlia karanga zake. Ana sauti kama yako. Mdomo pia, na usijifanye hujui ameutoa wapi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotuunganisha. Nilipoolewa hapa nikitoka kwetu Kuria, kule Kehancha, sikujua neno lolote la Kijaluo ila lile la kumfukuza mbwa. Wewe nawe Kikuria ulisema kinakukwaruza masikio. Tukakutana katikati, na Kiswahili chetu cha sokoni, kila mtu akikivunja upande wake. Majirani walipotucheka uliwaambia, "Nyar Kuria ananisikia na mimi namsikia. Nyinyi mnataka nini tena?" Nyar Kuria, binti wa Kuria. Hukuniita jina lingine mpaka siku ya mwisho, na mimi nililipenda.

Unakumbuka siku aliyozaliwa? Mimi nakumbuka yote. Nilikuwa nimeshazika wawili, wote hawajaweza hata kukaa. Huyu wa tatu alipolia, hukunipa mkononi. Ulimfuta, ukamfunga kwa leso yako kuukuu, ukatoka naye. Nikakusikia ukinong'ona na mama jirani nyuma ya jiko, halafu kimya. Niliinuka, nikashika mlango, nikakuona unarudi mikono mitupu. Mtoto wangu ulikuwa umemlaza juu ya ungo kwenye kijia cha kwenda ziwani, analia peke yake. Mama, siku hiyo nilikutukana. Nilikutukana kwa Kikuria, bahati yako.

Haukupita muda, mama jirani akatokea kwenye kijia kama mtu anayepita zake. Akasimama, akapiga makofi. "Yawa! Nani ametupa mtoto hapa?" Akamwokota, akaja naye mpaka mlangoni, akasema ameokota mtoto na kwake hana nafasi, je, sisi tunaweza kumlea? Ukamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka kule mitumbwi inakoegeshwa, "Lete, tutajaribu, ingawa si wetu." Hapo ndipo alipopata jina: Awiti, yule aliyetupwa. Baadaye uliketi nami ukanieleza taratibu, mkono wako mgongoni mwangu. Kwenu nyumba ikishapoteza watoto, anayefuata hutupwa, ili kifo kikija kumuulizia kiambiwe hapa hakuna mtoto wa kuzaliwa, kuna wa kuokota tu. Ukanikanya nisimwite wangu mbele za watu, na miaka yake nisiihesabu kwa sauti.

Moyoni sikukubali. Kwetu mwanamke akijifungua, vigelegele hupigwa mpaka ng'ombe wanashtuka zizini. Mimi vya kwangu nilivimeza. Lakini ningefanya nini? Nilikuwa nimechoka kuzika. Mtu akiniuliza sokoni, "Huyu msichana mzuri hivi ni wako?" nilimjibu, "Tunamlea tu." Kila mwaka siku yake ikifika nilimchinjia kuku, nikamwambia ni kwa sababu yule kuku amekuwa mkorofi. Tulimaliza kuku wakorofi wengi, Mama.

Halafu wewe mwenyewe ukafungua mlango. Mwaka juzi, ukiwa kitandani na pumzi zimekuwa fupi, ulituita mimi na mwanao Ouma. Ukasema, "Akifikisha kumi mpelekeni Kisumu. Huko msherehekee mpaka mchoke, mseme ni wenu. Kifo cha huku hakijui Kisumu." Ukacheka, ukakohoa, ukanigeukia mimi. "Nyar Kuria, hiyo kazi usimwachie Ouma. Ataogopa."

Aki ulimjua mwanao! Mtu ambaye boti ikizimika huko kisiwani Remba na ziwa limechafuka, yeye ndiye anayebeba spana zake kwenda kuamsha mashine, wanaume wengine wamejifungia ndani. Lakini Jumamosi alianza kuogopa tukiwa bado Mbita. Tulikuwa tumeingia kwenye feri ya asubuhi na gari la kuazima kwa shemeji, Awiti amevaa gauni la njano, nywele zimesukwa na shanga zinalia kila akigeuka. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa, omena, akatuangalia akatabasamu. "Watu wangu, mmependeza! Mnaelekea wapi?"

"Hospitali," mwanao akajibu.

Nilimfinya. "Nani mgonjwa?"

"Nimesema tu."

Na mgonjwa mwenyewe huyo anarukaruka kwenye feri na gauni lake la njano, anauliza kila mtu kama Kisumu inaonekana kutoka hapo.

Usifikiri mjukuu wako alifika mjini akashangaa mpaka akapotea. Kisumu ndiyo ilimshangaa yeye. Kwenye duka moja kubwa alizikuta ngazi zinazopanda zenyewe, akazipanda, akashuka, akapanda tena, mpaka askari wa mlangoni akawa anamsalimia kwa jina. Tukamsimamisha mahali ambapo ndege zinapita chini zikienda kutua, akazipungia mkono zote, na moja anaapa rubani wake alimpungia pia. Njaa ilipouma Ouma akapendekeza twende ufukweni tukale samaki. Awiti akamtazama kwa huruma. "Baba, tutoke kwa samaki tuje kwa samaki?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tukaenda hoteli yenye feni na vitambaa vya meza, akaagiza kuku na chipsi, akamwambia mhudumu asimwekee kachumbari karibu.

Hapo ndipo mambo yalipoiva. Keki nilikuwa nimeinunua njiani, nikaiweka mezani ndani ya boksi lake. Mhudumu, kijana mchangamfu, akaiona. "Oyaa, leo kuna bathdei hapa! Ya nani?"

Nikafungua mdomo. Ouma akaniwahi.

"Yangu," akasema.

Yawa, Mama! Kabla sijameza mate, wahudumu walikuwa wametoka jikoni na sufuria na vijiko, wanapiga, wanaimba. Mmoja akamvika mwanao taji la karatasi ya dhahabu. Akakaa chini ya taji hilo jasho likimtiririka, mikono magotini kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Walipomaliza wimbo kijana akamuuliza, "Mzee, unafikisha ngapi leo?"

"Kumi," akasema, halafu akashtuka. "Na... na thelathini. Yaani arobaini."

Hoteli nzima ikacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa namtazama Awiti. Alikuwa ameweka kuku wake chini. Alisubiri kelele ziishe, kama mtoto aliyelelewa vizuri, halafu akapanda juu ya kiti.

"Baba, hiyo taji ni yangu. Mimi ndio nimefika kumi."

"Keti, tutaongea nyumbani," Ouma akamwambia kwa sauti ya chini.

"Nyumbani huwa hatuongei."

Kweli tupu, Mama. Nyumbani tulikuwa tunachinja kuku wakorofi. Kijana wa hoteli akaona hapa kuna jambo, akaacha kucheka, akanigeukia mimi kwa adabu. "Mama, huyu ni mtoto wenu?"

Swali dogo namna hiyo. Lile jibu la siku zote likapanda lenyewe mpaka kooni, tunamlea tu, tunamlea tu. Ulimi ukishazoea njia huenda peke yake. Nikamtazama Ouma, akatikisa kichwa kidogo sana, na machoni mwake niliwaona wale wawili tuliowazika. Sikumlaumu. Nilimpenda hata zaidi. Lakini nilikuwa nakusikia wewe, usimwachie Ouma, na mbele yangu mtoto wangu amesimama juu ya kiti, miguu imekaza, anangoja kusikia mama yake atasema nini.

Nikasimama.

"Ni wangu," nikasema. "Nimemzaa mimi, kwa tumbo hili. Ni binti yangu, na leo amefikisha miaka kumi."

Kisha, Mama, vikatoka. Vile vigelegele nilivyovimeza siku aliyozaliwa vilitoka vyote kwa mpigo. Sikujua nina pumzi kiasi kile. Akina mama waliokuwa wamekaa dirishani, ambao sijui wanatoka wapi wala hawanijui, wakaruka juu wakaniitikia. Mpishi akatoka na mwiko wake akidhani kuna ugomvi, alipoambiwa ni nini akapiga chake pia. Nilikuwa nalia na kucheka, sijali pua yangu inafanya nini.

Ouma akavua taji. Akaliweka kichwani mwa Awiti, likakaa upande, akalirekebisha. "Ni wangu pia," akasema, hivi, kwa kunong'ona. Nikamwambia watu wa dirishani hawajasikia. Basi akageuka kwao akalisema kwa ile sauti anayotumia kuita boti iliyo mbali, na nadhani Kisumu yote ilipata habari.

Unajua vijana wa siku hizi, bathdei bila kumwagiwa maji kwao si bathdei. Tukatolewa nje kwenye nyasi, kijana akaleta jagi, akampa Ouma. Nilifikiri atamnyunyizia tu matone. Alimmwagia lote, Mama, kuanzia utosini! Awiti akapiga yowe la furaha, shanga zinalia, gauni la njano limemganda mwilini. "Tena!" Ouma akageuka akaita, "Leteni jagi lingine!" Mimi nilipogundua wananitazama wote wawili nilikuwa nimechelewa kukimbia.

Tulirudi na feri ya jioni tumelowa, tunanuka keki. Mama jirani aliyemwokota tulimletea kipande kikubwa. Alikishika kwa mikono miwili, akamtazama Awiti kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kazi yangu hiyo." Nikamwambia ni kweli. Jumapili baada ya ibada mwalimu mgeni akaniuliza, hapahapa Kisegi, kama huyu msichana ni wangu. Sikutazama nyuma wala pembeni. Nilimwambia ni wangu, na kama ana nafasi nimsimulie.

Kama ni ule ungo uliomlinda, au ni kliniki niliyokuwa namkimbiza kila akipata joto, au ni maombi, mimi sitaki kubishana na wewe tena. Kanisani namshukuru Mungu, nikifika kaburini kwako nakushukuru wewe. Nimekukosa sana. Jumamosi nilitamani uwe pale umekaa na fimbo yako, unalalamika chipsi si chakula, huku unazimaliza. Hasira yangu ya siku ile imeisha. Sasa najua ulikuwa unaogopa kama mimi, ila wewe ulikuwa na la kufanya.

Nimebakisha moja, la mwanao. Jumatatu alikwenda sokoni peke yake akarudi na viatu vya shule vya Awiti. Unajua miaka yote alivyokuwa akimnunulia: vya kumtosha siku hiyohiyo, hakuna hata nafasi ya kidole, na mimi nikilalamika anasema ya kesho tutayaona kesho. Hivi vya Jumatatu vinampwaya mpaka anavikokota. Nimemjazia pamba mbele, bado vinapiga makelele. Nikamuuliza, "Baba Awiti, mbona umenunua mitumbwi?"

Hata hakuinua kichwa kwenye mashine aliyokuwa anaifungua. "Atavijaza," akasema.

Pumzika, Mama. Huku hakuna tena wa kuokotwa.

Mimi mkaza mwanao, Nyar Kuria,
mama mzazi wa Awiti.