Kesi Niliyoisogeza ili Mama Aje

Jumatatu, 3 Machi
Kijana wa feni amekiri kosa. Alitoboa paa la duka, akashuka, akabeba feni na spika. Kilichomponza: alisimama kuijaribu spika kama inalia! Hata mwenye duka alicheka mahakamani. Vitu vyake karudishiwa. Kosa la kwanza. Nilikuwa tayari kumpa kifungo cha nje, akafagie zahanati. Wakili wake akaomba nisubiri wiki moja, mama wa kijana yuko mbali, anataka ashuhudie hukumu mwenyewe. Nikakubali. Hata mimi hakimu nina mama. Nimerudi nyumbani roho kwatu.

Alhamisi, 6 Machi
Jana usiku wezi wamevunja nyumba ya muuguzi mmoja hapa mjini, wamemuua. Hawajulikani. Mume wangu kanunua kufuli la pili. Naogopa na mimi, nijidanganye kwa nini? Mlango wa jikoni naukagua kila nikipita.

Ijumaa, 7 Machi
Redio tangu asubuhi. Mtangazaji anauliza wezi wanatoka wapi, anajijibu mwenyewe: mahakamani. Wanaopiga simu wanataka watu wafungwe mpaka wazeekee ndani. Halafu akaitaja feni — eti kuna hakimu anataka mwizi akashike fagio. Nani kampa habari hizo? Kijana alikuwa mahabusu usiku ule wa mauaji, lakini nani anajali?
Muuza nyanya wangu leo hakunichagulia. Kanitilia tu.

Jumapili, 9 Machi
Mkubwa wangu wa kazi kapiga simu. Hakuniagiza kitu. Kaniuliza hali ya watoto, kisha:
“Mwenzangu, soma alama za nyakati.”
Mama mkwe naye: hawa watu mnawalea. Mume wangu kauliza tu kama paa letu lina dari imara.
Nimeandika hukumu ya kijana: miaka saba jela. Sheria inaruhusu. Hakuna atakayesema nimekosea, na hilo ndilo linalonichoma. Ningeisoma wiki iliyopita, angekuwa keshaenda kwao.

Jumatatu, 10 Machi. Ofisini
Watu wamefurika. Kamera mlangoni. Karani anasema mama kafika tangu alfajiri, yuko benchi la mbele. Kamletea mwanawe shati la kurudi nalo nyumbani, limepigwa pasi. Amemuuliza karani taratibu zikoje: anishukuru kabla sijasoma, au nikishamaliza?
 Karani kaja kuniuliza mimi.
Anagonga tena. Nimemwambia nakuja. Bado nimekaa —