Fundi Ambaye Kazi Yake Haionekani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Mimi ni fundi wa kuziba michaniko, mtu wa miaka sitini na moja. Nachomoa nyuzi kwenye pindo la nguo yenyewe na kuzisuka upya palipochanika mpaka jicho lisipaone, kazi niliyoifanya miaka ishirini na minane katika nchi niliyoikimbia nikiwa na sindano tatu mfukoni, na walioijua mikono yangu nimewaacha huko, wengine wako chini ya udongo, na hapa sina cheti wala wa kunisemea. Mpwa wangu, ambaye nalala sebuleni kwake, ameniandikia barua thelathini na nne za kuomba kazi, zote zikisema mimi ni mchapakazi na mwaminifu, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Wiki iliyopita nikaenda mwenyewe kwa dobi mkubwa anayesafisha suti, nimevaa koti langu lililowahi kuchanika begani upana wa kiganja, meneja akaliangalia chini ya taa, akaligeuza nje ndani, kisha akasema, "Mzee, koti hili ni zima. Kazi yako iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, akatabasamu kama anayembembeleza babu yake, akaniambia nirudi Alhamisi na kitu anachoweza kukiona. Mpwa wangu anasema, "Mjomba, achana na sindano. Nimekupatia kazi ya kulinda maegesho, unaanza Jumatatu." Ni kijana mwema, sitaki kumvunja moyo, lakini nikikaa getini mwaka mmoja vidole hivi vitasahau. Je, nishone vibaya kidogo ili waone?

Fundi wa Sebuleni

Fundi,

Pole kwa hizo barua thelathini na nne. Lakini swali lako la mwisho limenikera. Miaka yote hiyo umepita kwenye nguo za watu bila kuacha alama, leo uharibu ili usifiwe? Usithubutu, mzee wangu. Na mpwa wako mwambie wachapakazi waaminifu wamejaa mjini. Dobi anamtaka mtu wa kumwokoa mteja anapoingia na suti iliyonasa kwenye msumari siku mbili kabla ya harusi, na hilo hakuna barua iliyolisema.

Kosa lako ni la mafundi wazuri: unapeleka kazi ikiwa imekwisha. Tafuta kitambaa cha sufu, kichane urefu wa kiganja. Ziba nusu, nusu nyingine iache wazi. Kiweke mezani kwa meneja, unyamaze. Getini usikanyage kabla Alhamisi haijapita.

Wasomaji, Alhamisi isingelisubiri gazeti, kwa hiyo jibu hilo nilimsomea kwa simu. Jana nimepata bahasha yake:

"Meneja alipitisha kidole kuanzia kwenye tundu, akafika penye uzima, akarudi, akaita wenzake. Naanza Jumatatu, na nitafundisha wasichana wawili wa pale. Mpwa wangu ameniletea suruali yake ya kazini iliyochanika gotini. Nilitaka kuimalizia ile nusu ya kitambaa iliyobaki wazi, meneja akanikatalia. Wamekitundika ukutani, pale wateja wanapopokelewa."

Usikiguse, fundi.