Mawe Kumi na Moja ya Lango la Aldcote

Nyumba ya Kinu,
Aldcote, Herefordshire,
Uingereza.
3 Oktoba, 1971

Mpendwa mdogo wangu Wilfred,

Salamu hizi zikukute mzima huko Adelaide, wewe na Noreen na watoto. Mgongo wako je, umepata nafuu? Mimi sijambo, ila magoti. Nayo yana haki ya kulalamika, maana tangu Agosti nimeyatembeza mlango kwa mlango kama mchuuzi. Mvua haijanyesha siku ya tatu sasa, watu wanashangaa. Matofaa yamezaa sana, na Seth Probert wa baa ameshaanza kuyakamua kwa pombe, basi usitafute mwanaume wa kijiji hiki baada ya saa sita mchana.

Sasa nisikilize, maana nimechoka. Nimechoshwa na ngome, na kijiji, na kila mtu aishiye humu.

Mwezi wa sita mkaguzi wa majengo alikuja kuliangalia lango. Unakumbuka limeegemezwa kwa miti tangu mwaka ulioondoka. Miti imeoza. Akasema lisipojengwa upya kabla ya tarehe mosi Desemba, atalibomoa lisije likaua mtu. Wilfred, lango ndilo pekee lililobaki! Baba alilifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na moja. Likiondoka, kitabaki kilima na kondoo.

Reuben Pritchard, yule fundi mawe, amekubali kulijenga. Shida ni kwamba mawe kumi na moja hayapo, pamoja na lile la katikati ya tao, lenye kichwa cha mtu aliyejaza mashavu, lililopotea kibandani kwa Baba. Mapya hataki kuyasikia. "Hayajaenda mbali, Enid," akaniambia. "Yamelala humuhumu kijijini. Tafuta mguu wa kuku." Fundi wa zamani aliyechonga lango lile alitia alama ya mguu wa kuku kwenye kila jiwe, ili apate ujira wake.

Historia yenyewe unaijua, Baba alitulisha nayo pamoja na uji. Baroni Fulk alijenga ngome ya miti, watu wa Wales wakaichoma, akajenga ya mawe. Ikasimama miaka mia nne na hakuna adui aliyeingia. Kisha vikaja vita vya Mfalme na Bunge, na jeshi la Bunge likatia baruti chini ya mnara. Hapo ndipo watu wetu hupenda kukomesha hadithi. Baruti ilibomoa robo tu, bwana! Robo tatu zilizobaki zilibebwa na wanakijiji kwa mikokoteni, wakajengee mabanda ya nguruwe.

Na kujisifu ndiyo kazi yao. Maisha yangu yote nimesikia, "Ukuta wangu huu ni wa ngome, sikiliza ulivyo mzito." Lakini siku niliyobisha hodi na daftari mkononi, kila mtu aligeuka kuwa mwenye nyumba ya matofali. Seth aliniapia kwamba kizingiti cha baa kiliwekwa juzijuzi. Mguu wa kuku ulikuwa kati ya viatu vyake! Nikamwonyesha. "Ah, huo? Huo ni ufa tu, Enid. Usinitafutie makuu." Olive Gwatkin alinikaribisha chai na keki, naye akasimama mbele ya meko dakika arobaini, ametandaza sketi kama kuku aliyelalia mayai, na hakuketi hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Nikapiga magoti nisugue meko yetu, maana nikikasirika husugua. Na pale, chini ya masizi, nikauona mguu wa kuku.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jiwe ambalo Mama alituoshea miguu juu yake! Baba, mlinzi wa ngome, aliyetuchapa kwa kuokota kokoto kule, alikuwa akiota moto juu ya jiwe la lango. Sijui ni babu yetu yupi aliyelileta. Nilicheka, halafu nikalia.

Reuben alikuja akaling'oa. Jumapili nikalipakia kwenye toroli na kulisukuma mwenyewe katikati ya barabara, saa ileile watu walipokuwa wakitoka kanisani. Unawajua watu wetu. Jiwe lenye ukubwa wa mtoto wa nguruwe linapita mbele ya macho yao, nao wananiambia, "Leo kumekucha vizuri, Enid." "Mvua haitakuja, eti?" Hakuna hata mmoja aliyeliona jiwe.

Jumatatu asubuhi nilikuta mawe yamerundikwa langoni. Nani ameyaleta? Hakuna anayejua. Mlango wa baa una shimo lililozibwa kwa gunia, na Seth anasema limekuwepo siku zote. Mawe arobaini na matatu, Wilfred! Mtu ameleta tofali la saruji. Mwingine ameleta beseni la kuogea ndege. Unaomba kumi na moja unapewa takataka za kijiji kizima. Lakini ndani yake, pamoja na letu, kumi yalikuwa na mguu wa kuku, na Reuben ameshayapanga.

Limebaki la katikati. Reuben anasema bila hilo mengine yote ni lundo tu. Nimelitafuta hadi kwenye choo cha kasisi.

Juzi nikaitazama tena picha aliyoituma Noreen Krismasi. Umekaa barazani na kikombe chako, umenenepa. Nyuma yako kuna mlango ulioegemezwa jiwe. Nikachukua kioo cha kukuzia cha Baba. Jiwe lina mashavu.

Ewe Wilfred! Nililikalia lile sanduku lako la safari ili lifungike! Nikakuuliza mbona zito hivyo, ukaniambia ni vitabu. Vitabu, wewe! Ningalipaswa kujua palepale.

Sikusemi kwa kulichukua. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, ulikuwa unalia, na ulitaka kitu cha nyumbani. Lakini hukumwona Baba. Kichwa kile kiling'olewa na barafu kikaanguka, naye akakiweka kibandani akisubiri fundi. Kilipotoweka, alidhani hakufunga mlango na watoto wamekitupa nje. Alikitafuta kwenye upupu kwa fimbo, kila jioni, miaka minane, mpaka majira ya baridi aliyokufa. Mimi nikamwambia aache uzee wake. Hata mimi nina la kujibu.

Msalimie sana Noreen, umwambie sina ugomvi naye, picha yake ni nzuri mno. Wabusu Keith na Lorna kwa niaba ya shangazi yao. Reuben anakusalimu. Olive pia, maana siku hizi anaketi.

Mungu akutunze na akupe wepesi wa kwenda posta. Kitume kwa ndege. Meli haitafika kabla ya Desemba. Mlango wako uwekee tofali. Na usinijibu kwa barua, Wilfred. Maneno yako nimeshayasikia. Nijibu kwa jiwe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa kipimo kimoja,

Enid