Babu Kashakimbia

Jumanne, 27 Novemba 2012

Ritsu sasa hivi kapanda juu ya meza. Kapanga mito sakafuni, kapiga kelele, "Bahari inakuja!" — mbio, juu! Halafu akashuka tena. Kila mara anashuka, anakwenda kumvuta babu yake mkono. Babu katulia tu na chai yake. Mchezo unaishia hapo, wote wawili "wamekufa", Ritsu anacheka. Mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo si vichafu.

Baba yake naye alikuwa kashafika juu kilimani, siku ya tsunami mwaka jana. Akarudi kumchukua mama yake mzazi, bibi yake Ritsu. Hatukuwaona tena.

Nimemsihi baba mkwe, ardhi ikitikisika tena akimbie. Anashinda ufukweni, kwenye banda lake la mwani. "Mama Ritsu, bahari imekula mke, imekula mtoto, itanitema mimi mifupa mitupu? Beba mwanao mwende. Mimi niacheni."

Jumapili, 2 Desemba

Kaja dada Orihara, yule mtafiti wa chuo kikuu. Anauliza watu nani alikimbia, nani hakukimbia, na kwa nini. Baba mkwe akamchokoza: "Hujachoka tu kuwahoji maiti?" Dada akatabasamu, akamgeukia Ritsu juu ya meza yake. "Mbona unashuka?" akamuuliza.

"Babu hakimbii."

Baba mkwe akamimina chai kwenye kikombe kilichojaa.

Dada akasema taratibu kwamba wengi aliowahoji walipoteza watu hivyohivyo. Ile tendenko, kanuni ya wazee kwamba bahari ikija kila mtu akimbie kivyake, si uchoyo. Ni ahadi. Nakimbia kwa sababu najua na wewe umekimbia. Asiyeahidi anamrudisha mwenzake.

Mgeni alipoondoka — mzee kapanda mezani! Magoti yakalia, meza ikalia. Wakafungana vidole vidogo kuahidiana, yeye na mjukuu wake. "Kiuno kikivunjika, utanibeba wewe," akaniambia. Nimecheka hadi machozi. Sijui yalikuwa machozi ya nini.

Ijumaa, 7 Desemba

Tuko hekaluni, juu. Jioni hii ardhi imetikisika — muda mrefu, kama ile ya mwaka jana. King'ora! Nikanyakua mkoba wa dharura na mkono wa Ritsu. Babu alikuwa chini, bandani. Kwenye ngazi za hekalu miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikageuka. Ritsu akanivuta: "Twende, mama! Babu kashakimbia!"

Mtoto wa miaka minne. Nikapanda.

Simu hazishiki. Giza, baridi. Watu wanaingia mmojammoja, yeye hayumo. Ritsu kala tonge lake la wali, kalala fofofo mapajani. Hana wasiwasi hata kidogo. Na mimi naamini. Naamini. Naandika ili nisishuke. Akifika nitampikia supu ya miso, nitatia mwani wake mwenyewe, nitamwambia

Wananiita mlangoni. Eti kuna tochi moja inapanda kutoka upande wa mabandani, polepole sana, ngoja nikaone kama ni