Buti za Shemeji

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na naomba mgongo wako siku hizi unakuacha ulale. Watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haitulii.

Unaijua kazi yangu hapa kiwandani, kuwaandikia wenye mali walioko ng'ambo ripoti za Kiingereza. Kiingereza chenyewe nilijifunzia kwenye maelekezo ya pasi na vikaratasi vya dawa, ila meneja husema nina mkono laini.

Juzijuzi fundi mkuu alipanda ofisini akivuja jasho, akasema boila inayochemsha mvuke wa kuendesha mashine ina ufa, lazima izimwe. Alipotoka, meneja akanieleza kwa upole kwamba "lazima" ni neno la hasara. Likifika ng'ambo mashine zitasimama, na yeye ataulizwa. Akataka kitu cha karibu na lazima. Kiingereza, Dada, kina kabati zima la vitu hivyo: lazima iliyong'olewa meno, lazima iliyovaa tai. Nikaandika kwamba kuizima ni jambo "linalokaribia kutoepukika". Meneja akasoma, akanipigapiga begani. Nami, nisikufiche, nilivimba kichwa.

Jibu limekuja leo. Wanashukuru, watalitazama mwakani.

Nikashuka kuiona hiyo boila. Ufa unapiga mluzi kama birika. Aliyeketi mbele yake, akinitania kwamba karani kapotea njia, ni mumeo. Nikamwambia kesho asije. Akaniuliza, "Ni lazima, shemeji, au ni ushauri?"

Mdomo ulishazoea ofisi. Nikamjibu kwamba ingekuwa vizuri. Akacheka, akasema basi tutaonana asubuhi.

Dada, itapasuka. Sina neno lingine.

Anayekuletea barua hii ni yule fundi viatu wa kona yenu. Mpe buti za shemeji aondoke nazo usiku huuhuu. Nimemwomba asizirudishe hata akitukanwa. Bila buti hapiti getini. Hilo ndilo tangazo pekee kiwandani lenye neno LAZIMA. Nililiandika mimi, na hakuna aliyeniambia nililainishe.

Kesho alfajiri nitasimama getini niwaambie na wengine, kwa mdomo huuhuu. Wabusu watoto. Shemeji akiamka atafoka. Mwache afoke, ila usimshauri kitu. Mpe fundi buti.

Ni mimi mdogo wako,
Karani